Nilivyosimama Kando ya Mawe ya Msambweni

Mpaka leo, na meno yamekwisha kunitoka, sijajua jiwe hupigwa picha kwa nini. Mtu hupigwa picha kwa kuwa atakufa, au atasafiri, au serikali inataka kuijua sura yake. Jiwe haliendi popote. Ukilihitaji kesho utalikuta palepale, na mjukuu wako naye atalikuta. Lakini upo mwaka mmoja, ule uliofuata mvua kubwa zilizokata madaraja na kuozesha mihogo ardhini, nilisimama kando ya mawe nikapigwa picha pamoja nayo, na kwa ajili hiyo nusura nimpoteze dada yangu. Hiyo ndiyo habari ninayoiandika. Naiandika jinsi ilivyo kichwani mwangu, na kichwani mwangu haikunyooka.

Shamba letu liko upande wa Msambweni, pale ardhi inapokatika ghafla ikawa jabali, na chini yake bahari. Si shamba la kujivunia. Lina minazi, mikorosho michache, mihogo, na mawe. Lilikuwa la mjomba wetu, ndugu yake mama. Kwetu sisi Wadigo wa zamani, mtu hurithiwa na watoto wa dada yake, si watoto aliowazaa mwenyewe. Ukoo hufuata tumbo la mama, na ukoo huo tunauita fuko. Mjomba alipofariki niliachiwa mimi shamba niliangalie kwa niaba ya wote, kwa kuwa ndimi mwanamume pekee aliyebaki kwa mama yetu. Dada yangu mkubwa akajenga upande wa kaskazini na wanawe, mimi nikajenga upande wa kusini na mke wangu na wanangu. Dada huyo ndiye aliyenilea mama alipotutoka. Alinibeba mgongoni mpaka mgongo wake, asemavyo mwenyewe, ukaingia bonde.

Shule niliiacha darasa la pili. Sikuiacha kwa ujinga. Mwalimu alihamishwa na hakuja mwingine mpaka mimi nilipokuwa nimeota ndevu. Nikaenda Ramisi kukata miwa. Ramisi ya wakati ule ilikuwa dunia, ungeiona, watu wa kila kabila, king'ora kikilia hata jogoo wananyamaza. Kiwanda kilipofungwa nikarudi nyumbani na panga langu na kikohozi. Lakini habari za Ramisi ni ndefu, nikiziingia sitatoka.

Basi asubuhi moja ikaja gari. Ndani mlikuwa na mwanamke wa makamo, mwalimu wa chuo kutoka Nairobi, amevaa suruali na kofia pana, na dereva wake, mtu wa bara mnene aliyekuwa mpishi wa hoteli huko Diani mpaka wageni walipoacha kuja na wapishi wakaambiwa wangoje nyumbani. Waliuliza dukani nani anajua njia za kuteremkia jabalini, wakaelekezwa kwangu.

Yule mwalimu akaniambia, kwa Kiswahili kizuri tu ila cha haraka, kwamba anapiga picha za sura ya nchi. Milima, mabonde, mapango, majabali. Alikuwa ametoka vilima vya Shimba na sasa ameshuka kwenye mawe ya pwani. Akasema atanihitaji nimwonyeshe njia, na pia nisimame kwenye picha. Atanipa ujira.

Mimi nilichosikia vizuri ni hilo la kusimama kwenye picha.

Kesho yake nikaja nimeoga, nimevaa kanzu yangu ya Idi na kofia ya kazi ya mkono, nimejipaka mafuta. Maana picha nilizozijua ni za Ukunda, unakwenda kwa mpiga picha, unakaa kwenye kiti, nyuma yako pazia lililochorwa maua na ndege ya abiria, unaambiwa kaza shingo. Nilikuwa na picha ya namna hiyo ya ndoa yangu, na ya kitambulisho. Katika zote mbili nimekaza shingo.

Mwalimu akanitazama, akaitazama kamera yake iliyosimama juu ya miguu mitatu, akamtazama dereva.

"Mzee, umependeza," akasema taratibu. "Taabu ni kwamba umependeza mno. Kanzu hiyo nyeupe itaunguza picha, jiwe lisionekane."

"Itaunguza?" Nikaitazama kanzu yangu. Haikuwa na moto.

Dereva akacheka. "Si kuungua ya moto, mzee. Inang'aa sana kwa jua. Chukua shati yangu ingine hapa kwa gari. Ni ya hoteli. Nilitoka nayo."

Shati lenyewe lilikuwa jekundu, lina maua makubwa ya manjano na minazi mifupi mifupi. Nikalivaa juu ya kikoi. Lilinifika magotini, maana dereva alikuwa mtu na nusu. Nikashuka jabalini nikiwa nimefanana na kitu gani sijui.

Mawe ya pale, kwa asiyeyajua, yameliwa na maji. Juu yametokeza mbele kama ukingo wa kofia, chini yamebonyea, mtu anaweza kujikinga mvua humo. Mengine yamejitenga na jabali yakasimama peke yake mchangani, kichwa kikubwa na shingo nyembamba. Ukiyagusa yanakwaruza, yamejaa vitundu na maganda ya chaza. Mimi nimekua nayo. Tulijificha humo utotoni, tukaanikia nyavu humo, tukasahau kuyatazama.

"Simama pale," mwalimu akasema. "Weka mkono juu ya jiwe. Usitazame huku. Litazame jiwe."

"Nikilitazama jiwe sura yangu haitaonekana."

"Ndivyo ninavyotaka. Uso wako ukionekana, watu watautazama uso, hawatalitazama jiwe."

Nikaduwaa. Mtu amenitoa nyumbani, amenivua kanzu, halafu hataki uso wangu. Nikamnong'oneza dereva, "Kwani mimi hapa nafanya nini?"

"Wewe hapo ni rula, mzee," akasema. "Mtu ako huko Kisumu, ama Nyeri, atajuaje hiyo jiwe ni kubwa namna gani? Anakuona wewe. Anajua mtu ni hivi, basi jiwe ni hivi."

"Lakini mimi ni mfupi."

Dereva akafikiri. "Basi jiwe itakuwa refu. Iko sawa tu."

Haikuwa sawa. Jambo hilo lilinisumbua asubuhi nzima. Kama mtu wa Nyeri ananiona mimi akadhani ndio urefu wa watu, si atadanganyika? Nikamweleza mwalimu. Akacheka mpaka akavua miwani, akatoa futi kama ya fundi cherehani akanipima kisigino mpaka utosi. Nikajiona nimekuwa nguo.

Kisha tukangoja jua. Si kwamba jua halikuwapo, lilikuwapo tele, lakini alisema limekaa pabaya. Alitaka liteleze ubavuni mwa jiwe ili kila tabaka litoe kivuli chake. Tukakaa. Akanieleza kwamba mawe yale zamani yalikuwa viumbe hai, matumbawe, chini ya bahari. Nikamwuliza vilikufa kwa nini. Akasema bahari ilishuka ikaviacha nje. Nikamwuliza ilishuka ikaenda wapi. Akaanza habari ya barafu iliyoifunika dunia, nami barafu sijapata kuiona isipokuwa ile ya dukani kwenye mfuko wa nailoni. Nikaitika. Nimeitika mambo mengi maishani kwa namna hiyo.

Maji yalikuwa yamekupwa sana, ni siku za bamvua, na wanawake wetu walikuwa miambani na vyuma vyao na ndoo, wanachokoa pweza. Walipokuwa wanarudi mwalimu alikuwa ameinama nyuma ya kamera na mimi nimesimama, mkono juu ya jiwe, shati la maua, mgongo nje.

"Haya jamani!" mmoja akapaza sauti. "Mzee leo bwana harusi!"

"Na bibi harusi mbona kimya?"

"Hajalipiwa mahari, atasemaje?"

"Mguse vizuri, mzee, atakukwaruza!"

Wakacheka, na mimi nikacheka, ila kwa mgongo, maana niliambiwa nisigeuke. Mwalimu akasema tulia, nikatulia. Nilipogeuka walikuwa wamekwisha kupita, isipokuwa dada yangu. Alibaki nyuma, ndoo kichwani, chuma mkononi. Hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wangu.

Nikasema, "Shikamoo dada."

Akaondoka.

Nilidhani hakusikia, kwa ajili ya mawimbi. Tukaendelea. Siku hiyo na iliyofuata nilisimama kwenye mawe mengi, siwezi kusema mangapi. Mengine kwetu, mengine kwa majirani, mengine hata si ya mtu, ni ya bahari. Kila mahali, mkono juu ya jiwe.

Desturi yangu ilikuwa kila asubuhi kupita kwa dada nimjulie hali kabla sijagusa kazi. Nikapita. Alikuwa mlangoni anamwaga maji ya kuoshea vyombo. Akayamwaga karibu na miguu yangu, akaingia, akafunga mlango. Mlango wa dada yangu haukuwa ukifungwa mchana. Nikasimama pale na salamu yangu. Baadaye akatoka mwanawe mkubwa, mpwa wangu, mtu mzima mwenye watoto, anatazama chini.

"Mjomba," akasema, "mama anasema mwenye shamba asimsumbue. Anasema ukitaka ahame, mwambie mapema, ana kuku wanaatamia."

"Mwenye shamba nani?"

"Si wewe, mjomba? Mawe yote umeyashika."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na ningali sijaelewa.

Kwetu mpaka wa shamba huonyeshwa kwa mwili. Ukiwapo ugomvi, au wakija watu wa kupima, mwenyewe huenda mpakani akasimama, akaweka mkono juu ya jiwe au juu ya mnyaa, ule mti wa utomvu, uliopandwa mpakani, akalitazama shamba lake na mgongo akawapa wengine. Halafu wanaohusika wanaandika au wanakumbuka. Ukishaweka mkono na watu wakaona, umesema. Na mwaka ule wapimaji walikuwa wanapita vijijini. Huko ndani tena kulikuwa na watu wanachota mchanga kwa mashine wanautia mifukoni kwenda kuuchunguza, na maneno yalikuwa kila baraza: ardhi itauzwa yote, aliyeandikwa ndiye atakayelipwa, asiyeandikwa atafute pa kwenda.

Sasa dada amemwona ndugu yake mbele ya mgeni wa Nairobi, na chombo kimesimama juu ya miguu mitatu kama kile cha wapimaji, naye anapita jiwe hadi jiwe anaweka mkono. Peke yake. Bila yeye, bila wapwa. Angesema nini? Alisema nimeliandika shamba la mjomba kwa jina langu ili wanangu niliowazaa walichukue, na wanawe yeye, ambao ndio wenye haki kwa fuko, watupwe barabarani.

Na mimi, kwa kusema kweli, nilikuwa sijui shamba lile ni la nani. Sijui kama mnanielewa. Msikitini nilisikia kwamba mtu hurithiwa na wanawe, na hiyo ni dini, siwezi kubishana na dini. Wazee wa fuko walisema wapwa. Ofisini walisema aliyeandikwa. Mimi nililima tu. Kila nikifikiri nilikuwa nafika mahali fulani halafu naenda kulisha mbuzi.

Nikampelekea mwalimu kilio changu. Akashtuka, akasema twende sasa hivi nikamweleze. Dereva akatoa shauri kwamba huko kwao huwezi kwenda kumtuliza mama mtu mikono mitupu. Wakapitia Ukunda, wakanunua doti ya kanga nzuri na sukari.

Laiti ningekuwa ndani ya gari ningewazuia. Kwetu anayekuja kununua shamba ndiye anayewaletea wanawake wa ukoo kanga, ili wasipige kelele. Hiyo kila mtoto anaijua. Mtu wa bara angeijuaje?

Mimi walinikuta nawangoja nje ya nyumba ya dada. Dada alifungua mlango, akawakaribisha kwa adabu zote, akawatandikia mkeka. Mwalimu akaeleza habari ya matumbawe na bahari iliyoshuka. Dada akasikiliza. Halafu dereva akasema, "Sema mama, hii ni kitu kidogo tu tumekuletea," akaitoa ile kanga.

Dada akaitazama kanga. Akamtazama dereva. "Kwenu hamsemi shikamoo?" akamwuliza.

"Aa, shikamoo mama, pole."

"Marahaba. Sasa chukua kanga yako ukamvishe uliyemzoea. Mimi bado niko hai, siuzwi." Kisha akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu siku ile. "Na wewe. Ungekuja peke yako ukaniambia dada, nimechoka, nataka changu, ningekupa. Ningelia, lakini ningekupa. Wewe umekuja na kanga!"

Nilitaka kusema mimi ni rula. Lakini neno hilo, pale mkekani, mbele ya dada yangu, lilikuwa la kichaa, nikalimeza.

Nje mwalimu akaniomba radhi karibu alie. Akasema yeye na dereva wanakwenda kisiwani Chale, kisha Jego, kisha Nairobi, na akisafisha picha ataleta za kwangu, nimwonyeshe dada aone kwamba ni mawe tu. Nikamwambia haya.

Wakaenda, mimi nikabaki. Wapwa wakaacha kuja kunisaidia kuangua nazi. Wakipita wanasalimu, shikamoo mjomba, lakini miguu haisimami. Mke wangu ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko sote, na utulivu wake nao ulinichanganya. Nikimwambia dada amekasirika, anasema, "Atatulia." Nikimwambia anadhani nimewaandikia wanangu shamba, anasema, "Na kama ungewaandikia?" halafu anaendelea kukuna nazi.

Nikawa sina usingizi wa maana. Siku moja maji yalipokupwa nikasema hebu niende mwenyewe nikayakumbuke yale mawe, nijue niliposimama kwetu ni wapi na kwa watu ni wapi, ili nikija kuulizwa nijibu. Nikashuka. Kumbe mawe bila kamera hayafanani. Nilifika kwenye moja nikasema ndilo hili, nikaweka mkono nione kama mkono utakumbuka. Nikasema si hili, ni lile. Nikaenda kwenye lile, nikaweka mkono. Nikageuza mgongo jinsi nilivyoelekezwa. Nilipoinua macho, wanawake wa pweza walikuwa wamesimama wote, ndoo chini, wananitazama.

Safari hii hakuna aliyetania.

Habari ilifika kwa dada kabla sijafika mimi nyumbani. Mpwa wangu akaja jioni akaniambia, kwa uchungu, "Mjomba, kwani mara ya kwanza haikutosha?"

Picha zililetwa na dereva, baada ya muda mrefu, mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Alikuwa amepata kazi tena hotelini, amepungua kidogo. Akanipa bahasha na salamu za mwalimu, akaniuliza, "Mzee, mambo na sista iliisha?" Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa. Nikamwomba twende pamoja, akasema yeye pale hawezi kurudi, yule mama alimwangalia vibaya, afadhali mpishi mkuu.

Kwa hiyo nikaenda peke yangu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikakaa kizingitini, nikasema kwa sauti, "Dada, nimeleta mawe."

Akajibu kutoka ndani, "Yatie kibarazani, nitayaona."

"Ni ya karatasi."

Akatoka. Nadhani ni udadisi tu. Akaketi, akaita wanawe, na jirani yetu wa upande wa kaskazini, mzee mwenzangu, akajisogeza, maana katika jambo la mpaka jirani lazima awepo. Nikazitandaza picha mkekani.

Zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini hazikuwa za kwetu. Sijui nieleze vipi. Jiwe limejaa karatasi nzima, kila kitundu kimetoa kivuli, matabaka yamelala moja juu ya jingine kama chapati, na pembeni, chini, kimtu kidogo chenye shati jekundu hakina uso. Hakuna mnazi. Hakuna nyumba. Bahari yenyewe haionekani. Tukazitazama kama watu wanaotazama nchi ya mbali.

"Hili ni la kwetu, lile lenye ufa," mpwa mkubwa akasema.

"Wewe! Hili ni la kwangu mimi," jirani akasema. "Nimelianikia nyavu miaka yote."

"Limegeuzwa. Hebu ligeuzeni."

"Ukiligeuza mjomba atasimama kwa kichwa."

"Hili basi?"

"Hili liko Chale. Huku hakuna jiwe la namna hii."

"Chale nilifika lini?" nikauliza. Wakabishana mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuona huenda nilifika Chale.

Dada hakubishana. Alizichukua moja moja, akazisogeza karibu na macho, akaziweka chini kando yake. Mwisho akamwuliza jirani, "Wewe kwenye hizi uko wapi?"

"Mimi? Simo."

"Kwenye zote?"

"Simo, dada yangu. Nisingekuwamo bila kuitwa."

Akanigeukia. "Mpaka gani huo hauna jirani?"

Nikamwambia sijui.

"Ndiyo, najua hujui," akasema. "Mtu akitaka kula shamba la watu humleta jirani, akamlisha, akamsimamisha upande wa pili ashuhudie. Wewe umesimama na jiwe, hujala wala hujalisha. Hata wizi una mpango wake." Wanawe wakacheka kwa chini. Nami nikaona kifua kinafunguka. Halafu akachukua picha moja aliyokuwa ameificha chini ya goti, akaiweka mbele yangu. "Na huyu nani?"

Katika picha hiyo, kando yangu, juu ya jiwe, palikuwa na mtu mwingine. Mweusi, mrefu, hana macho, ana kichwa kipana.

"Ni kivuli cha mwalimu," nikasema. "Jua lilikuwa nyuma yake. Ile ni kofia."

"Mbona amesimama nawe?"

"Hakusimama nami, alikuwa mbali. Kivuli ndicho kilichokuja."

Wote wakainama. Jirani akasema kivuli hakiwezi kuwa shahidi. Mpwa akasema inategemea. Mimi nikasema wallahi sikukiona, mgongo ulikuwa nje, niliambiwa nisigeuke. Nikawa natoka jasho kwa kivuli.

Dada akazikusanya picha zote. "Mimi nimekuamini," akasema. "Lakini mwaka huu niko, mwakani siko, na picha hizi zitakaa huko zilikokaa, na wewe umeshika jiwe. Basi inuka. Uende ukasimame tena, mbele yetu, na jirani yako, na useme."

Tukaenda wote mpaka kwenye mnyaa wa kaskazini, palipo na jiwe alilolisimamisha mjomba. Jirani akasimama upande wake. Wapwa wakasimama upande wetu. Wanangu nao walikuwa wametokea, sijui waliitwa na nani, na nyuma yao mke wangu, kanga kichwani. Nikaweka mkono juu ya jiwe. Kila mtu akaningoja.

Nilikuwa sijui nitasema nini. Nikisema pangu, nimekwisha kwa dada. Nikisema pa wapwa, wanangu hao wananitazama. Nikakumbuka kwamba mjomba alipatiwa shamba na mama yake, na sisi mama yetu ndiye aliyetuleta pale akitushika mikono, dada mkubwa na mimi mdogo. Nikasema, "Hapa ni pa mama yetu. Ndivyo ninavyojua mimi. Zaidi ya hapo sijui."

Jirani akasema, "Nimesikia."

Dada alikuja akaweka mkono wake juu ya jiwe, karibu na wangu, jambo ambalo wanawake kwetu hawalifanyi, na hakuna aliyemkataza. Tukakaa hivyo kidogo. Kisha akasema kuna pweza wa nazi kwake, aliyetaka na aje. Wapwa wakatangulia. Jirani akafuata. Nilikula kwake mchana ule, mlango wazi, kuku wanapita miguuni, na dada akinitilia mchuzi kama ninakwenda vitani.

Niliporudi upande wangu wa kusini, mke wangu alikuwa ameketi jikoni, moto umezimika. Nikamwambia yamekwisha, tumepatana. Akasema amesikia, amefurahi, dada yangu ni mtu mwema. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Na hawa niliokuzalia mimi, hapo pa mama yenu, wao watasimama wapi?"

Nikakaa chini. Nikalitafuta jibu, nikaanza na dini, nikaenda kwa wazee, nikaenda ofisini, nikarudi. Wanangu walikuwa nje wanazungumza na binamu zao, siwasikii wanasema nini. Nikamwambia sijui, mama watoto. Akaniambia haya, ukijua uniambie, akaanza kuwasha moto.